Kifandugu kinachouma kila ukikaa: jibu kwa fundi cherehani

Swali:

"Habari daktari. Nina miaka 33, ni fundi cherehani hapa Morogoro. Miezi 14 iliyopita nilijifungua mtoto wangu wa pili, kilo 3.9. Uchungu ulichukua muda mrefu na mwishowe walimvuta kwa kifaa. Siku ya pili nilipojaribu kukaa nimnyonyeshe, nilisikia maumivu makali chini kabisa ya mgongo, juu kidogo ya njia ya haja kubwa. Mama alinikanda kwa maji ya moto mpaka arobaini ikaisha, nikapata nafuu. Nilipoanza kushona tena yakarudi. Nikikaa kwenye stuli nusu saa nahamia tako moja, na nikiinuka ndiyo kabisa, natamani kupiga kelele. Nikisimama au nikitembea sina shida. Nimepiga eksirei nikaambiwa mifupa iko sawa. Nimechomwa sindano za diklofenaki mara sita. Jirani anasema ni bawasiri ya ndani, shemeji anasema figo, na kuna mzee anataka kuurudisha mfupa kwa kuukanda. Nimesoma kwamba mfupa huo hukatwa. Naogopa isije ikawa saratani. Na je, nikizaa tena itakuwaje?"

Jibu:

Pole sana dada. Miezi 14 ya kukalia tako moja si mchezo, hasa kwa mtu ambaye riziki yake inatoka kwenye kukaa.

Nianze na habari njema. Katika maelezo yako kuna mambo matatu ambayo ungekuja kwangu ningekuuliza kabla hujaketi: maumivu yalianza mara ya kwanza ulipokaa baada ya kujifungua, yanakuja ukikaa na yanakuwa makali zaidi unapoinuka, ukisimama au ukitembea hayapo. Ukiyaweka hayo pamoja, jina la tatizo linajileta lenyewe. Ni kifandugu, ule mfupa mdogo wa mwisho wa uti wa mgongo ambao wengine huuita kitokono. Sijakupima kwa mikono yangu, kwa hiyo hili si cheti. Ila nitashangaa sana nikiambiwa ni figo.

Tuliondoe hilo la figo kwanza. Figo ziko juu, chini ya mbavu za nyuma, kushoto na kulia. Kutoka hapo hadi kifandugu ni mbali. Tena figo haijui kama umekaa au umesimama. Bawasiri nayo, ikiuma, huuma zaidi wakati wa choo na mara nyingi inatoa damu. Wewe hukutaja damu wala maumivu ya chooni. Namwelewa jirani yako, sehemu zenyewe zimekaribiana mno na watu wanaona haya kuonyesha kwa kidole panapouma hasa. Basi fanya hivi leo ukiwa peke yako: bonyeza kwa kidole kuanzia kiunoni ukishuka katikati, taratibu, mpaka mfupa unapoishia kwenye mfereji wa makalio. Ukifika mahali ukasema "hapa hapa", na maumivu yale ni yale yale unayoyajua ukiwa kwenye stuli, umelipata jibu ambalo vipimo vingi vya mkojo visingekupa.

Kifandugu ni pingili ndogo tatu hadi tano, kwa watu wengi nne, zinazoshuka zikipungua ukubwa na kujikunja kwa mbele. Wagiriki wa kale waliupa jina la ndege, kwa kuwa waliona umefanana na mdomo wake. Watu hudhani kwamba kwa kuwa ni masalia ya mkia, basi hakina kazi. Si kweli. Kano na misuli kadhaa imejishikiza hapo: sehemu ya misuli mikubwa ya makalio kwa nyuma, na kwa mbele ile misuli iliyotandazwa chini ya nyonga kama chandarua, inayobeba kibofu na mfuko wa uzazi na kukusaidia kubana haja. Kwa hiyo kifandugu ni kama kigingi cha hema. Kigingi kikilegea kamba zote zinalalamika, na kamba zikikazwa mno kigingi nacho kinavutwa.

Sasa weka viganja vyako chini ya makalio, ukae kwenye kiti cha mbao. Utahisi mifupa miwili migumu, mmoja kila upande. Hiyo ndiyo iliyoumbwa kubeba uzito. Inamia mbele kidogo, kama unavyofanya ukiingiza uzi kwenye sindano, utahisi uzito wote umeingia kwenye hiyo miwili. Halafu legea, uache mgongo upinde na kiuno kirudi nyuma, kama unavyokaa saa kumi jioni ukiwa umechoka na bado kuna sare tatu za kumalizia. Uzito unahama. Unakuwa na miguu mitatu ya kukalia badala ya miwili, na mguu wa tatu ni kifandugu.

Kwa mtu mzima asiye na tatizo, kiungo cha kifandugu hujikunja kidogo akikaa na kurudi akisimama, kama bawaba. Wakati wa kujifungua kinasukumwa nyuma ili kichwa cha mtoto kipate nafasi, na hilo ni jambo la kawaida kabisa. Lakini mtoto akiwa mkubwa, uchungu ukachukua muda mrefu, mama akawa amelala chali juu ya kitanda kigumu na mtoto akavutwa kwa kifaa, kano za hicho kiungo zinaweza kunyooka kupita kiasi au kuchanika. Mfupa haujavunjika, bawaba imelegea. Ukikaa, kiungo kinajikunja kuliko kawaida au kinateleza kidogo nje ya mahali pake. Ukiinuka kinarudi kwa ghafla, huku misuli ya makalio ikikivuta. Hapo ndipo unapotamani kupiga kelele. Maumivu ya kuinuka ndiyo yanayonifanya nishuku kiungo kilicholegea kuliko kitu kingine chochote.

Na ndiyo maana eksirei yako ilikuwa "sawa". Ulipigwa ukiwa umelala au umesimama, sivyo? Bawaba mbovu haionekani mlango ukiwa umetulia. Daktari mmoja wa Paris, Jean-Yves Maigne, alianza miaka ya 1990 kuwapiga wagonjwa picha mbili za ubavuni: moja wakiwa wamesimama, nyingine wakiwa wamekaa katika mkao ule ule unaowaumiza. Kisha akazilinganisha. Kiungo chenye afya husogea kati ya nyuzi (digrii) 5 na 25 hivi. Mwaka 2000 alitoa matokeo ya wagonjwa 208, na karibu saba katika kila kumi walionekana na kitu: kiungo kinachocheza mno, kilichoteleza, au kijimwiba cha mfupa kwenye ncha ya kifandugu. Kwa hiyo ukiambiwa "picha haina kitu", maana yake ni kwamba picha hiyo haina kitu. Haina maana kwamba unajifanya. Picha ya kukaa haihitaji mashine mpya; inahitaji stuli, na daktari anayeandika kwenye fomu kwamba anaitaka. Muulize.

Sijui ulipataje mawazo ya saratani, labda ulikesha unasoma. Uvimbe wa sehemu hiyo upo lakini ni nadra sana, na kwa kawaida hauna tabia uliyoieleza. Maumivu yake hayasubiri ukae. Yanakuja usiku umelala, yanaongezeka wiki hadi wiki, na hayajali umekaa kwenye nini. Yako yanafuata stuli kama kivuli, na yameanza siku inayojulikana. Nitarudi kwenye dalili za hatari, maana zipo na lazima uzijue.

Sindano sita za diklofenaki. Hapa nitasema bila kuuma maneno: ziache. Dawa yenyewe si mbaya, hata vidonge vyake au ibuprofeni vinaweza kukusaidia kwa siku saba hadi kumi maumivu yakipanda, ukivimeza baada ya kula, na umwambie muuza dawa kwamba unanyonyesha, na kama una vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au tatizo la figo. Lakini sindano haina nguvu ya pekee ambayo kidonge hakina, na sindano ya takoni ikichomwa vibaya inaweza kugusa mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Zaidi ya hapo, dawa hizi hutuliza hasira ya kiungo, hazikazi bawaba. Ukichomwa leo na kesho ukarudi kwenye stuli ile ile, unakuwa kama mtu anayepiga deki huku bomba linavuja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukiacha kifandugu kining'inie. Mengine yote yanafuata baada ya hilo. Na wewe dada una bahati ambayo wagonjwa wangu wengi hawana: unajua kushona.

Watu wakisikia mto wa kukalia wanakimbilia ule wa duara wenye tundu katikati, kama tairi. Hata mimi niliwapa wagonjwa mito hiyo kwa miaka kadhaa nilipokuwa naanza kazi, mpaka dereva mmoja wa bodaboda akanirudishia wake akaniambia, "Huu umenizidishia." Nikakaa juu yake mwenyewe nikaelewa. Tundu liko katikati lakini kifandugu kiko nyuma, kwa hiyo kinaangukia kwenye ukingo wa duara. Tena duara linayavuta makalio pande mbili na kuikaza ile misuli ya chini. Unachohitaji ni mto wenye pengo lililo wazi kwa nyuma.

Tafuta sponji nzito, ngumu kiasi, ile ambayo ukiikalia haibonyei hadi chini. Sponji laini ya makochi haikufai. Kata kipande cha upana wa kiti, sentimita 40 kwa 40. Kwa nyuma kiwe na kimo cha sentimita 8 hadi 10, kishuke taratibu hadi 5 kwa mbele. Huo mteremko ndio unaokiinamisha kiuno mbele bila wewe kukumbuka. Kisha katikati ya ukingo wa nyuma kata pengo la umbo la kiatu cha farasi, upana wa sentimita 8 hadi 10, likiingia ndani sentimita 12 hivi. Vika kitambaa kigumu, jinzi au kaki iliyobaki, ila usilifunike pengo kwa kitambaa kilichovutwa, kwa sababu kitambaa hicho kitakuwa kama ngoma na kifandugu kitakalia ngoma. Jaribu hivi: kaa, pitisha mkono nyuma, ingiza vidole viwili kwenye pengo. Kama kati ya vidole na mfupa kuna hewa, umepatia. Kama mfupa unavibana vidole, panua.

Kuna jambo dogo linaloharibu kila kitu. Ukiweka mto wa sentimita 8 juu ya stuli, umepanda. Mashine imebaki pale pale, utainama zaidi, na miguu haitafika vizuri kwenye pedali. Mpelekee fundi seremala stuli akate miguu yake kwa kiasi kile kile ulichopanda ukiwa umekaa juu ya mto. Usisahau kwamba sponji inabonyea, kwa hiyo kaa kwanza, pima, ndipo ukate.

Kukata vitambaa, kupiga pasi, kutia vifungo, vyote vinawezekana kwa kusimama ukiwa na meza inayofika usawa wa viwiko au chini kidogo. Zipange kazi zako zisifuatane za kukaa zote. Kila dakika 25 inuka, hata kama mshono umebakiza kidogo. Weka simu ikulilie. Usisubiri maumivu ndiyo yakuinue, maana yakishafika umechelewa. Kunyonyesha nako kufanye ukiwa umelala ubavu inapowezekana.

Na namna ya kuinuka, maana hapo ndipo panapokutesa. Watu wengi huinuka kwa kujisukuma kutoka nyuma, wakikandamiza kifandugu kabla ya kukiacha. Sogea kwanza hadi ukingoni mwa stuli. Inama kwa mbele mpaka mabega yapite magoti. Kaza makalio yote mawili, kama unayebana noti isidondoke, kisha panda. Ukifanya hivyo kiungo kinashikwa na misuli wakati kinarudi, hakirudi kwa kishindo. Mara ya kwanza utajiona kama bibi kizee. Ndani ya siku tatu utakuwa umezoea na hakuna atakayegundua.

Nije kwenye misuli. Baada ya kujifungua huenda uliambiwa ufanye mazoezi ya kubana, kama unayekatiza mkojo. Ni mazoezi mazuri kwa mwenye misuli iliyolegea. Lakini mtu aliyekaa na maumivu ya kifandugu zaidi ya mwaka mara nyingi misuli yake ya chini imejikaza usiku na mchana, kama mtu anayekunja ngumi bila kujua. Kubana zaidi kunakivuta kigingi. Wewe unahitaji kulegeza kwanza. Mkao ninaoupenda ni ule wa sujudu: piga magoti kwenye godoro au mkeka, magoti yakiwa mbali kidogo, kaa juu ya visigino, inama mpaka paji la uso liguse mto. Vuta pumzi polepole ishuke tumboni na uache sehemu ya chini ifunguke, kama pale unapoanza kukojoa baada ya kusubiri sana. Dakika tano asubuhi, tano usiku. Kisha lala chali, weka kifundo cha mguu mmoja juu ya goti la mwingine, vuta paja kuelekea kifuani mpaka uhisi takoni kunavutika, nusu dakika, badilisha. Yakikuumiza pale pale kwenye kifandugu, punguza.

Choo kigumu ni adui wa kimya kimya. Ukisukuma kwa nguvu unaivuta misuli hiyo hiyo. Maji ya kutosha, papai, mchicha, maharage, na choo cha kuchuchumaa, ambacho kwa shida hii ni bora kuliko cha kukalia. Mama hakukosea na maji yake ya moto: joto hulegeza misuli. Kitambaa cha moto au beseni la maji ya uvuguvugu dakika 15 jioni ni sawa kabisa, mradi usiunguze ngozi. Kama uzito wako uliongezeka sana baada ya uzazi, kuupunguza kutasaidia pia, kwa sababu mwili mzito hauzungushi kiuno vizuri unapoketi na kifandugu kinatua wima. Wembamba sana nao wana lao, hawana nyama ya kukikinga.

Yule mzee wa kuurudisha mfupa, mwambie asante. Siwadharau wakandaji, wapo wanaojua mengi. Ila kukikandamiza kwa nje kiungo chenye kano zilizolegea ni kuongeza ulegevu, na hakuna mfupa uliotoka ambao vidole vya nje vinaweza kuurudisha na ukabaki. Ipo tiba ya mikono inayofanywa na mfiziotherapia aliyefunzwa, kwa kidole chenye glavu kupitia njia ya haja kubwa, kulegeza misuli na kukisogeza kifandugu taratibu. Inafanyika faraghani, kwa ridhaa yako, ukiwa na haki ya kusema "acha" wakati wowote na kutaka mwanamke mwenzako awepo chumbani. Nisikupe matumaini ya kupitiliza: katika utafiti wa Maigne huyo huyo uliotoka mwaka 2006, baada ya miezi 6 wagonjwa 22 kwa mia waliotibiwa hivyo walikuwa na matokeo mazuri, dhidi ya 12 kwa mia waliopewa tiba ya kuigiza. Inasaidia baadhi. Mimi huitumia kama nyongeza, kwa vipindi vitatu au vinne, na nisipoona mabadiliko naiacha.

Ukishafanya haya kwa uaminifu wiki sita hadi nane, na uaminifu ninaousema ni mto kila unapoketi, si dukani tu bali hata kanisani au msikitini na kwenye daladala, na bado hakuna unafuu, hatua inayofuata ni sindano ya aina nyingine kabisa na zile ulizochomwa. Daktari anachanganya dawa ya ganzi na steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, na kuiweka pale pale kwenye kiungo, vizuri zaidi akiwa anatazama kwa eksirei. Ipo nyingine inayolenga fundo la neva lililoko mbele ya kifandugu. Hospitali kubwa za rufaa zenye madaktari wa mifupa au wa maumivu ndizo pa kuuliza. Wengine hupata nafuu ya wiki chache, wengine miezi, wengine huondokewa moja kwa moja, na hakuna anayeweza kukuahidi utakuwa kundi gani. Kama una kisukari, sema mapema, maana steroidi hupandisha sukari.

Kukata mfupa kupo. Daktari wa Edinburgh, James Young Simpson, yule aliyewaletea wanawake wanaojifungua dawa ya usingizi ya klorofomu mwaka 1847, ndiye aliyeyapa maumivu haya jina la kitabibu mwaka 1859, na tangu enzi hizo kumekuwa na madaktari wenye kisu chepesi. Leo tunakiweka mwisho kabisa, baada ya angalau miezi sita ya tiba nyingine iliyofanywa sawasawa. Si kwamba upasuaji haufanyi kazi. Kwa mgonjwa ambaye picha ya kukaa imeonyesha wazi kiungo kinachoteleza, wengi hupata nafuu kubwa. Tatizo ni mahali penyewe: kidonda kinakuwa vidole viwili vitatu tu kutoka njia ya haja kubwa, na kuchimbika au kuoza kwa kidonda ndilo jambo linalowasumbua madaktari zaidi. Hutakalia kidonda hicho kwa wiki kadhaa, na nafuu kamili inaweza kuchukua hadi mwaka. Fundi cherehani mwenye mtoto mdogo afikirie mara mbili. Na asiyepigwa picha ya kukaa asikubali kukatwa. Watu walio wengi hawafiki huko: takriban tisa katika kumi hupona au hupata nafuu ya kuridhisha bila kisu.

Mimba nyingine isikutie hofu. Hili peke yake si sababu ya kuzaa kwa upasuaji. Ningependa tu maumivu yatulie kwanza, na ukifika kliniki umwambie mkunga mapema kilichotokea mara iliyopita. Ukilala chali, kitanda kinakizuia kifandugu kurudi nyuma. Ukilala ubavu, au ukipiga magoti na kushika kitanda, kinapata nafasi yake. Mkunga mzuri atakuelewa.

Sasa zile dalili nilizoahidi. Ukipata ganzi sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli, ukashindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, au miguu ikalegea, usisubiri kesho; nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Homa pamoja na uvimbe mwekundu, au kitundu chenye usaha na nywele kwenye mfereji wa makalio, ni jipu, linahitaji kupasuliwa na sponji haitalisaidia. Maumivu yanayokuamsha usiku, kukonda bila sababu, kutoka jasho jingi usiku au kikohozi cha muda mrefu hutufanya tutafute mengine, kifua kikuu cha mifupa kikiwa mojawapo kwa huku kwetu. Damu kwenye choo ichunguzwe hata kama unaamini ni bawasiri. Na hata usipokuwa na dalili yoyote kati ya hizo, bado nataka uonwe ana kwa ana mara moja, kwa sababu miezi 14 ni mingi na hujasema kama kuna mtu aliyewahi kukupima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Kipimo hicho kinaonewa haya pande zote mbili, mgonjwa hasemi na daktari haulizi, lakini dakika mbili za kidole zinaeleza zaidi kuliko eksirei ya kulala: kama kifandugu kinacheza, kama misuli imekaza, kama kuna uvimbe.

Ukienda, mweleze daktari kwa ufupi: yalianza lini, unaweza kukaa dakika ngapi kabla hayajaanza, na kama kuinuka kunauma kuliko kukaa. Omba picha ya kukaa na kusimama. Na mto wako uuweke kwenye mfuko uende nao, maana mabenchi ya wagonjwa wa nje ni ya mbao na foleni yenyewe unaijua.